Daraja la 3 kwenye majibu ya kinyama si hatua ya 3

Dada uliyeuliza kuhusu mama yako, pole sana. Umeandika kwamba majibu ya kinyama cha titi (kipande kidogo kilichokatwa kupimwa saratani) yanasema "daraja la 3, alama 3+3+2", na ndugu wanasema basi saratani imeshasambaa. Majibu hayo hayasemi hivyo. Kazi yangu ni kuandaa vinyama vya aina hii maabara ya patholojia, ngoja nieleze.

Hatua ndiyo inayosema ugonjwa umefika wapi: ukubwa wa uvimbe, tezi za kwapani, viungo vingine. Daraja ni sura ya seli zenyewe chini ya darubini. Mtu anaweza kuwa na daraja la 3 na uvimbe bado mdogo, haujatoka kwenye titi.

Namba hizo ni za mfumo wa Nottingham wa kupanga daraja la saratani ya titi, uliochapishwa na wataalamu Elston na Ellis mwaka 1991. Ya kwanza: je, seli bado zinajipanga kuzunguka vijitundu kama kwenye titi lenye afya? Zikifanya hivyo kwa zaidi ya asilimia 75 ya uvimbe ni alama 1. Chini ya asilimia 10 ni alama 3. Ya pili ni viini vya seli, vimetofautiana kiasi gani kwa ukubwa na umbo. Ya tatu, ni seli ngapi zimekutwa zikigawanyika. Jumla ya 3 hadi 5 ni daraja la 1, 6 na 7 la pili, 8 na 9 la tatu. Mama ana 8. Ni kali, usicheleweshe tiba, ila seli zinazogawanyika haraka mara nyingi huitikia kemo (dawa za kuua seli za saratani) vizuri.

Sasa uliza majibu ya ER na PR (vipokezi vya homoni kwenye seli) na HER2 (protini inayochochea seli kukua). Bila hivyo daktari hawezi kuchagua dawa. HER2 ikiandikwa 2+, bado haijaamuliwa, inahitaji kipimo kingine.

Na hili linaniuma sana: vinyama vingine vinafika maabara vimekaa muda mrefu bila formalini, yaani dawa ya kuvihifadhi visiharibike. Kinyama kiingie kwenye formalini ya asilimia 10 ndani ya saa moja, kikae humo saa 6 hadi 72. Kikichelewa, seli zinazogawanyika hazionekani vizuri, na ER inaweza kusomeka hasi wakati si hasi. Kwa hiyo vipimo vyote vitatu vikitoka hasi, muulize daktari kinyama kilihifadhiwaje. Kama kilichelewa, ombeni kichukuliwe kingine. Kama kilihifadhiwa vizuri, ile bloku ya nta ambamo kinyama kimegandishwa huwa inatunzwa maabara, mnaweza kuiombea isomwe na mtaalamu wa pili kabla dawa hazijaanza.