Sonona ya Majira ya Baridi: Kwa Wanaotoka Ziwani Kwenda Kaskazini

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa binti mmoja wa Igoma, hapa Mwanza, anayesoma Oulu, kaskazini mwa Ufini. Anaeleza kwamba tangu Novemba ilipoanza analala kupita kiasi na bado anaamka amechoka, kwamba hamu yake yote ya chakula imehamia kwenye mkate na vitu vitamu, kwamba ameanza kukwepa darasa na hata ibada, na kwamba akipigiwa simu kutoka nyumbani hujibu haraka, "Sijambo, namshukuru Mungu," kisha hukata. Alimalizia kwa kuniuliza, "Kaka, ndiyo kusema nimeshindwa?" Nimekwisha kumjibu faraghani, na kwa ridhaa yake naandika hapa pia kuhusu sonona ya majira ya baridi, yaani ugonjwa wa akili unaomwondolea mtu furaha na nguvu giza la baridi linapoingia, kwa kuwa najua wengi mnaonisoma mna fomu za ufadhili mezani na macho yenu yako huko huko alikokwenda yeye.

Mimi nilisomea shahada ya uzamili Umeå, Uswidi. Nilikulia Kirumba, mahali ambapo jua humpiga mtu mara mbili, kutoka juu na kutoka ziwani. Mwanza iko takriban nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote kwa mwaka mzima haifiki dakika ishirini. Ndiyo maana tunaweza kuhesabu saa zetu kuanzia jua linapochomoza na asipotee mtu. Umeå iko karibu na nyuzi 64 kaskazini. Katikati ya Desemba jua la huko huchomoza baada ya saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa nane mchana, na hata katika muda huo mfupi halipandi, bali hutambaa nyuma ya misonobari kana kwamba limelazimishwa kuja kazini. Kuhusu baridi nilionywa na kila mtu, na koti nilinunuliwa. Kuhusu giza hakuna aliyeniambia neno.

Mama alikuwa na desturi ya kunipigia simu kutoka kwenye biashara yake ya dagaa pale Mwaloni, saa kumi kasoro robo alasiri, jua likiwa bado kali kiasi kwamba nilisikia wachuuzi wakigombea kivuli. Kwangu ilikuwa saa nane kasoro robo, na taa za barabarani zilikuwa zimekwisha kuwaka. Mara nyingi simu ilinikuta kitandani na nguo zangu za kutwa, sahani ya ugali wa semolina wa jana imekauka dirishani, nami nilijikohoza kwanza ili sauti isinuke usingizi kabla ya kupokea na kusema kwamba nilikuwa maktaba.

Nilipothubutu kumweleza ndugu yangu mmoja ukweli, alinijibu kwamba vijana wanakufa maji wakitafuta kufika Ulaya, na mimi niliyepelekwa kwa ndege nalilia giza. Mwingine alishauri nifanyiwe maombi ya kufunguliwa, kwa kuwa bila shaka nilikuwa nimefungwa na mwenye kijicho wa mtaani. Nimewasamehe wote wawili, ingawa ujumbe wa yule wa kwanza bado naukumbuka hadi alama zake za mshangao.

Aliyenielewa alikuwa muuguzi wa kliniki ya wanafunzi, na aliniuliza swali moja tu la maana: je, mwaka jana wakati kama huu nilikuwaje? Nilikuwa vivyo hivyo, na ilipofika Aprili nilipona bila dawa, nikadhani ni uvivu uliokwisha. Huo ndio utambulisho wa maradhi haya: huja na majira, huondoka na majira, kisha hurudi. Aliyeyaeleza kitaalamu kwa mara ya kwanza, mwaka 1984, ni daktari Norman Rosenthal pamoja na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, na Rosenthal mwenyewe ni mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia New York na kuona nguvu zake zikipungua kila majira ya baridi yalipoingia. Sikutarajia kwamba habari hiyo ingenifariji kiasi kile. Tatizo jingine ni kwamba sonona tunayoifahamu wengi humnyima mtu usingizi na chakula, ilhali hii mara nyingi humzidishia vyote viwili, na mtu anayenenepa na kulala mchana hapati huruma ya yeyote.

Wataalamu wanaeleza kwamba mwanga wa asubuhi unaoingia machoni ndio unaorekebisha saa ya ndani ya ubongo. Ukikosekana, homoni ya usingizi iitwayo melatonini hutoka kwa wakati usio wake, na inadhaniwa kwamba serotonini, inayohusika na hali ya moyo, nayo huyumba. Kwa hiyo jambo hili ni la macho, si la ngozi. Vitamini D mtaihitaji, hasa sisi wenye ngozi nyeusi, lakini imezeni kwa ajili ya mifupa yenu na msiitarajie ifanye kazi ya jua.

Kilichonitoa mimi ni taa maalumu ya tiba, yenye nguvu ya luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha mwangaza) na kichujio cha miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana inayodhuru macho. Kwa kulinganisha, chumba cha kawaida chenye taa huwa na luksi mia chache tu, na jua la mchana hapa Mwanza hufikia 100,000. Taa hiyo huwekwa mezani umbali wa sentimita 40 hadi 60, pembeni kidogo, nawe unakula kifungua kinywa au unasoma macho yakiwa wazi bila kuitazama moja kwa moja, kwa dakika ishirini hadi thelathini, mapema baada ya kuamka. Nilijiona kama dagaa aliyeifuata karabai, isipokuwa mimi nilikuwa natoka wavuni. Wenyeji hawalioni jambo hili kuwa la ajabu. Mwaka 2012 kampuni ya umeme ya Umeå iliweka taa za aina hiyo kwenye vituo vya basi. Mwenye ugonjwa wa macho, au ugonjwa wa bipola (wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) ambao mwanga mkali unaweza kuuchochea, amwone daktari kwanza.

Narudia: asubuhi, na kila siku. Msingoje kuzama, anzeni mwishoni mwa Septemba, kwa sababu Novemba kabla ya theluji kutanda ndiyo nyeusi kuliko hata Desemba. Na saa sita mchana tokeni nje, hata kukiwa na mawingu, maana wingu la nje lina mwanga mwingi kuliko chumba chenu. Nilishika utaratibu huo kama mwenye funga anavyoshika daku, na tasnifu yangu niliikabidhi kwa wakati na kuitetea mwezi Mei, mbele ya wenyeji ambao wawili kati yao walikuwa wameomba kuongezewa muda. Nalisema hilo kwa makusudi.

Taa isipotosha, zipo dawa za sonona, na ipo tiba ya mazungumzo inayorekebisha fikra na mwenendo; utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliopata tiba hiyo walirudiwa na sonona kwa uchache kuliko waliotumia taa, walipofuatiliwa hadi majira ya baridi ya pili. Mkifikia hatua ya kuwaza kifo, msiniandikie mimi. Pigeni 112, namba inayofanya kazi Uswidi na Ufini pia.

Wapo wasomaji wa Mwanza wanaoniambia kwamba mawingu ya masika huwatia hali hiyo hiyo. Simbishii mtu moyo wake, lakini kwa mwanga tulionao sidhani kama chanzo ni majira, na ningewaomba waende kitengo cha afya ya akili pale hospitali ya Bugando kabla ya kuagiza taa ya gharama kubwa.

Nanyi wazazi, acheni kuuliza matokeo na pesa peke yake. Ulizeni kama mtoto ametoka nje leo, tena ulizeni asubuhi. Mama yangu, baada ya kuelezwa, aliihamisha simu yake hadi saa tatu asubuhi, ambayo kwangu ilikuwa saa moja, akawa ananisomea bei ya dagaa, misiba na harusi za Kirumba nzima, wala hakukata mpaka nimwambie kwamba dakika za taa zimetimia.