Kwa Gari Dogo Hadi Coober Pedy

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasoma Adelaide, Australia, na mwezi Januari kaka yangu atakuja kunitembelea kutoka Mombasa. Tungependa kukodi gari dogo twende Coober Pedy, mji wa wachimbaji wa vito vya opali ambako watu huishi chini ya ardhi. Je, gari la namna hiyo litafaa, na siku mbili zitatosha kwenda na kurudi?
Msomaji, Adelaide

JIBU: Ndugu msomaji, gari dogo linafaa, kwa kuwa Barabara Kuu ya Stuart ina lami mwanzo hadi mwisho tangu mwaka 1987, siku mbili ndizo zisizotosha. Kutoka Adelaide ni takriban kilomita 850, na giza likiingia kangaruu na ng'ombe hukatiza barabarani bila taarifa, hivyo laleni Port Augusta, mji ulio njiani, na mwondoke alfajiri. Kaka yako hatapata shida ya kuendesha upande wa kushoto, ila ajihadhari na malori yenye matrela matatu, ambayo hufikia urefu wa mita 53, na asiyapite mpaka aone mbele kuko wazi kwa umbali mrefu.

Jazeni tangi Glendambo hata kama mshale haujashuka, kwani kutoka hapo hadi Coober Pedy, karibu kilomita 250, hakuna kituo cha mafuta, na simu nazo hukosa mtandao kwa masafa marefu. Chukueni maji mengi, na gari likiharibika msiliache, maana huonekana kwa urahisi kuliko mtu anayetembea nyikani.

Kinachonitia wasiwasi hasa ni Januari yenyewe, mwezi ambao joto hupita nyuzi 40 mara nyingi. Ndani ya nyumba zilizochimbwa mwambani halijoto hukaa kati ya nyuzi 23 na 25 hivi, nanyi mtalala vizuri. Lakini sidhani kama mmesafiri umbali wote huo ili mjifungie chumbani. Ikiwezekana, ahirisheni hadi Julai, ingawa usiku wake una baridi kali.

Machimboni, msirudi kinyumenyume mnapopiga picha, kwa sababu mashimo yaliyoachwa wazi tangu opali igunduliwe mwaka 1915 hayahesabiki. Vilima vya Kanku-Breakaways, kaskazini ya mji, vinahitaji kibali. Na kabla ya kuingia njia yoyote ya vumbi, someni mkataba wa gari, kwani bima nyingi za magari ya kukodi huishia palipo na lami.