Inajizima kwa joto? Anza na vumbi

Ndugu, kompyuta ya mezani inayojizima kila baada ya nusu saa huku feni ikinguruma, mara nyingi imekabwa na vumbi. Izime, chomoa waya ukutani, fungua ubavu wa keisi. Chungulia chini ya feni ya prosesa (chipu kuu ya kompyuta), kwenye zile sahani nyembamba za alumini: yangu niliikuta na utando mzito kama pamba ya godoro. Zuia feni kwa kidole, sugua taratibu kwa brashi laini kavu, kisha puliza kwa blowa ukiwa barazani. Pawa saplai, lile boksi la chuma unapochomekwa waya wa umeme, usiifungue kabisa, nakusihi; kapasita zake, vile vifaa vya kuhifadhi umeme, hubaki na umeme hata ikichomolewa. Kompyuta ikiendelea kuchemka, huenda pesti ya prosesa, ile krimu inayopitisha joto kwenda kwenye zile sahani, imekauka. Na kama ilikaa sakafuni, usiirudishe huko kwenye vumbi.