Mwanga umeua mng'ao wa polima yangu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma uzamili wa fizikia, Dar es Salaam. Nilipaka utando mwembamba wa polima ya MEH-PPV kwenye vipande viwili vya kioo. Kimoja kilishinda dirishani, kingine kabatini. Jioni, chini ya taa ya urujuanimno, cha kabatini kiling'aa rangi ya machungwa. Cha dirishani kimepauka na karibu haking'ai. Umeme sijapitisha hata kidogo. Polima ya kutengenezea taa inauawaje na mwanga?

JIBU: Marahaba. Mwanga una mshirika wake, nayo ni hewa. Polima hiyo ni mnyororo wa pete za benzini zilizounganishwa kwa bondi maradufu za kaboni, na bondi hizo ndizo windo. Utando ukifyonza mwanga, sehemu ya nishati huhamia kwenye oksijeni, nayo hugeuka kali na kuzishambulia. Mnyororo hukatika, na penye jeraha huota kundi la kabonili, yaani kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa bondi maradufu. Minyororo iliyofupika hufyonza mawimbi mafupi zaidi, ndiyo maana rangi imepauka. Lakini mng'ao hutangulia kufa, kwa kuwa nishati husafiri ndani ya utando hadi ikutane na kabonili, ikapotelea hapo bila kutoa mwanga. Kabonili chache tu zinatosha kuleta balaa.

Ukitaka kuziona, pima kwa infraredi, utafute mstari mpya karibu na namba ya wimbi 1,700 kwa sentimita. Ila usipimie kwenye kioo, maana chenyewe kinafyonza eneo hilo. Paka kwenye kipande cha silikoni, ile ya kutengenezea chipu za kompyuta, si ile ya mpira.

PPV, mama wa polima yako, ndiyo iliyowashwa kwa umeme pale Cambridge, taarifa ikatoka 1990. Tangu hapo taa za polima hufungwa ndani ya nitrojeni, kwa kioo na gundi ya epoksi, pamoja na kikausha unyevu. Hata hivyo usidhani kufunga kunamaliza kazi: mwanga wa muda mrefu hudhoofisha pia mgusano wa utando na elektrodi ya chuma, volti inayohitajika ikapanda.

Kama hamna sanduku la glavu, yaani sanduku lisilo na hewa ya kawaida la kufanyia kazi kwa glavu, fungia foili hata chupa ya mmumunyo wa polima, maana nao huharibika. Kisha rudia jaribio ukiongeza kipande cha tatu: dirishani palepale, ila ndani ya chupa iliyojazwa nitrojeni na kuzibwa vizuri. Kikiendelea kung'aa jioni, utakuwa umewatenganisha washirika hao wawili, na hiyo ni kurasa kadhaa za tasnifu yako.