Colby hadi Goodland: hesabu ya maili na hesabu ya saa

Umbali wa kutoka Colby hadi Goodland, miji ya magharibi mwa jimbo la Kansas, Marekani, unaupata bila hata kugusa simu. Eksiti (njia ya kutokea) ya Colby kwenye barabara kuu ya I-70 ni namba 53, ya Goodland ni namba 17. Toa. Maili 36, yaani kama kilomita 58.

Namba hizo hazikupangwa ovyo. Ni maili kutoka mpaka wa magharibi wa jimbo, na vibao vidogo kando ya barabara vinahesabu vivyo hivyo. Mgeni akizijua, anaacha kuuliza "bado mbali?" kila baada ya dakika kumi. Mji wa Hays, upande wa mashariki, ni 159, kwa hiyo hadi Colby una maili 106; jaza tangi mapema, hasa usiku.

Ila ukivuka mpaka kuingia jimbo la Colorado, hesabu inavunjika. Colorado nayo inaanza kuhesabu upande wake wa magharibi, kule Utah, kwa hiyo ukiingia unakuta namba zimeruka hadi karibu 450. Mji wa Burlington, ndani ya Colorado, ni 437. Basi kutoka Goodland hadi huko hesabu vipande viwili: 17 hadi mpakani, halafu 13 hivi. Jumla maili 30.

Umbali ndio rahisi. Kinachowachanganya madereva wapya ni saa. Colby wanafuata saa za kati, Goodland wanafuata saa za milimani, nyuma kwa saa nzima. Ukitoka Colby saa nne asubuhi, kwa mwendo wa kawaida unaingia Goodland saa tatu na nusu, asubuhi hiyohiyo. Umefika kabla hujaondoka! Ukirudi, nusu saa hiyo inakula saa moja na nusu.

Kwa hiyo unapopewa miadi ya kupakua mzigo, uliza: saa ya wapi? Watu wa ghala husema saa yao wala hawafikirii kwamba wewe unatoka upande wa pili. Usiitegemee simu peke yake, maana karibu na mstari unaotenganisha saa hizo mbili inaweza kushika mnara wa upande mwingine. Na kwa wenye malori, kifaa cha kurekodi saa za kazi hakibadiliki njiani. Kinafuata saa ya kituo chako cha nyumbani. Mimi huandika saa zote mbili kwenye karatasi na kuibandika mbele yangu. Ya kizamani, lakini haijaniangusha.

Mwendo unaoruhusiwa ni maili 75 kwa saa, na barabara imenyooka mpaka inachosha. Ukiwa na tela tupu, punguza. Upepo wa pale hauna mlima wala msitu wa kuuzuia.

Miezi ya theluji, hesabu zote hizo weka kando kwanza. Dhoruba ikizidi, I-70 hufungwa kwa mageti, na maili 36 zinaweza kukulaza hotelini. Piga 511, namba ya simu ya taarifa za barabara, kabla ya kutoka Hays, si ukishafika Colby, kwa sababu barabara ikifungwa vyumba hujaa haraka.