Maswali na Majibu: Jina Watson Lilitoka Wapi?

SWALI: Nilibatizwa kwa jina la Watson, lakini naona Waingereza wanalitumia kama jina la ukoo. Asili yake ni nini, na je, wote wanaoitwa hivyo wana babu mmoja?

JIBU: Ndugu msomaji, Watson ni mwana wa Wat, na Wat ni kifupi cha Walter, mtu wa pwani angesema "bin Wat" na maneno yakaishia hapo. Walter lenyewe limeundwa kwa maneno mawili ya Kijerumani cha kale, moja la kutawala na jingine la jeshi, nalo lilienea Uingereza baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo mwaka 1066.

Wengi huuliza herufi L imepotelea wapi. Katika Kiingereza cha zama za kati, Walter lilitamkwa bila L, sawasawa na neno la Kiingereza la maji, kwa hiyo Wat limekatwa kutoka kwenye matamshi, si kwenye maandishi. Ushahidi ninaoupenda kuliko wote umo katika tamthilia ya Shakespeare, sehemu ya pili ya Henry VI: kabaila Suffolk, aliyetabiriwa kwamba atakufa kwa maji, anashtuka aliyemteka anapojitaja kuwa ni Walter, na kweli huyo ndiye anayemuua.

Kiishio -son kilishamiri zaidi kaskazini mwa Uingereza na nyanda za chini za Scotland, ilhali kusini walipenda -s, ndiyo maana kuna Watts. Watkins na Watkinson ni ndugu zake.

Kuhusu babu mmoja, jibu ni hapana. Walter lilikuwa jina la kawaida mno, Wat Tyler aliyeongoza uasi wa wakulima mwaka 1381 akiwa mmoja tu wa wengi, na kila kijiji kingeweza kuwa na Wat wake na watoto wake. Mwanzoni jina lilibadilika kila kizazi, hata mtoto wa John Watson akaitwa Johnson. Katika orodha za kodi ya kichwa za Yorkshire za mwaka 1379 wamo hata wanawake walioandikwa "binti fulani" badala ya "mwana". Baadaye, hasa katika karne ya 14 na 15, majina hayo yaliganda, yakarithiwa na wajukuu wa kiume na wa kike ambao hawakuwa na baba aitwaye Wat.

Kwa hiyo udugu wa akina Watson wawili wa Uingereza hauthibitishwi kwa jina, bali kwa vitabu vya parokia vya ubatizo, ndoa na maziko, ambavyo vilianza kuandikwa huko kwa amri ya serikali mwaka 1538. Kwako wewe, ambaye jina hilo ni la ubatizo, swali la ukoo halihusiki. La kutafuta ni nani aliyekuchagulia, na pa kuanzia ni wazazi wako, kisha kitabu cha ubatizo cha kanisa lako, ambacho mara nyingi huonyesha jina la msimamizi.