Kigugumizi cha mtoto: kusubiri au kwenda hospitali?

Dada yangu wa Makorora, umesema mwanao wa miaka minne anakwama kwenye maneno tangu mwaka jana, na bibi yake anasema mwacheni tu, hata baba yake alikuwa hivyo.

Bibi hajakosea sana. Katika watoto wanaoanza kigugumizi wakiwa wadogo, kama 3 kati ya 4 hupona wenyewe, wengi ndani ya miaka michache. Lakini hilo la baba ndilo ningelichimba. Je, aliacha utotoni au mpaka leo maneno yanamkwama? Kigugumizi hutembea kwenye damu, na hata kupona hufuata ukoo: mtoto ambaye jamaa zake walipona ana nafasi nzuri zaidi kuliko yule ambaye wakubwa wake bado wanacho. Halafu ni wa kiume, na wasichana hupona zaidi. Kikizidi mwaka bila kupungua, au kama kilianza baada ya miaka mitatu na nusu, mimi nisingesubiri.

Nenda Bombo, hospitali ya mkoa hapo Tanga, waombe wakuelekeze kwa mtaalamu wa tiba ya usemi. Wakati huo usimwambie "sema polepole" wala usimmalizie neno. Wewe ndiye uongee taratibu, umsubiri. Na wale wajomba wanaomwigiza barazani wakome, tafadhali.

Hukumtia hofu wala hukumlea vibaya. Kigugumizi cha namna hii hakiletwi na malezi.